Bustani ya chakula wakati wa mashaka: kuanza na mita 10 za mraba na kuwamudu wadudu

Kila chakula kinapoadimika au bei zinapopanda ghafla, maswali ya wanaoanza bustani hurudi yale yale. Nianze na zao gani? Eneo kiasi gani? Na hiki kinachotoboa majani ni nini, nikiue kwa nini? Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliye na eneo dogo na usiye na uhakika kama wiki ijayo utapata mbegu, mbolea au dawa. Usome wote kabla hujashika jembe, kwa sababu nusu ya kazi ya kuzuia wadudu hufanywa siku ya kuandaa tuta na siku ya kupanda. Anayesubiri aone matobo ameshachelewa hatua mbili.

Kwanza hesabu, ili usijidanganye. Mita 10 za mraba za viazi vitamu vilivyotunzwa vizuri hutoa takriban kilo 15 hadi 20. Kilo moja ina kalori kama 860, kwa hiyo zao zima la miezi minne au mitano ni chakula cha mtu mzima mmoja kwa wiki moja hivi. Maharage yatakupa kilo moja hadi moja na nusu ya punje kavu, basi. Bustani ya ukubwa huo haiwezi kushika nafasi ya gunia la nafaka. Inachokiweza ni mboga za majani karibu kila siku, na hizo ndizo zinazoadimika na kuharibika kwanza njia zikifungwa. Ukiwa na akiba ndogo ya fedha, nunua nafaka na maharage makavu uhifadhi, halafu ardhi yako uipe mboga.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mahali panapopata jua la moja kwa moja saa 6 au zaidi kwa siku. Majani huvumilia saa 4. Nyanya na maboga hayavumilii.
- Maji. Mita moja ya mraba huhitaji kama lita 25 kwa wiki pasipo na mvua. Mita 10 ni lita 250 kwa wiki, yaani karibu ndoo mbili za lita 20 kila siku. Kama huwezi kupata kiasi hicho, punguza eneo sasa hivi.
- Mboji au samadi iliyooza: ndoo moja hadi mbili za lita 20 kwa kila mita ya mraba. Iliyooza hainuki kinyesi, haina joto ndani na huvunjikavunjika kama udongo.
- Jembe, reki, kamba, vigingi vinne, na kijiti chenye alama kila sentimita 10.
- Nyasi kavu au majani makavu ya kutandaza, magunia mawili kwa kuanzia.
- Karatasi ngumu au makopo yaliyokatwa pande zote mbili, kipande cha sabuni ya kawaida isiyo na dawa ya kung'arisha, chupa ya kupulizia, na tochi.
- Neti nyepesi, ukiipata. Chandarua cha zamani kinafaa, ila kisiwe kilichotiwa dawa.

Usilime karibu na ukuta wa nyumba ya zamani ambao rangi yake inabanduka, wala mahali palipokuwa gereji. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, nayo hukaa udongoni miaka mingi na kushikamana na mboga za majani na za mizizi. Mahali hapo tumia magunia au ndoo zilizojazwa udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Hatua 1. Pima matuta

Pima matuta mawili, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 4, na njia ya sentimita 45 katikati. Upana huo umechaguliwa kwa sababu moja: mkono unafika katikati ya tuta kutoka kila upande, kwa hiyo hutalikanyaga tena. Udongo uliokanyagwa hushikamana, maji hayapenyi, mizizi hubaki juu juu.

Hatua 2. Andaa udongo, kisha ngoja

Shika konzi ya udongo uifinye. Ukibaki donge lisilovunjika ukiligusa kwa kidole, ni mbichi mno, subiri. Ukivunjika, lima kina cha sentimita 25 hadi 30, ukitoa mizizi ya magugu yote. Tandaza mboji na uichanganye katika sentimita 15 za juu, sawazisha kwa reki.

Sasa ngoja siku 10 hadi 14 bila kupanda. Watu wengi huiruka sehemu hii kwa haraka ya kuona kijani, na ndiyo inayowagharimu miche. Sota, viwavi wa kijivu wanaokata miche usiku, huishi kwa magugu. Tuta likikaa tupu hufa njaa au huliwa na ndege. Magugu yaliyobaki nayo huota, ukayakwangua juu juu mara moja na kuyamaliza.

Angalizo: samadi mbichi usiiweke kwenye tuta unalopanda. Huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu na vijidudu vya kuhara. Ukilazimika kuitumia, ichimbie kwenye tuta ambalo mazao yake ya kuliwa mabichi hayatavunwa kabla ya miezi minne.

Hatua 3. Jaribu mbegu

Mbegu za akiba au za kupewa hazina tarehe ya kuaminika. Chukua 10, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali penye joto, ziangalie baada ya siku 5 hadi 7. Zikiota 7 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 5 au 6, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya hapo, mimina zote kwenye kona moja na usizitegemee.

Hatua 4. Gawa matuta kwa muda wa mavuno

Tuta la kwanza lote ni la majani. Nusu yake iwe ya yale ya haraka: figili (siku 25 hadi 30), mchicha na majani ya kunde (wiki 3 hadi 4). Usimwage mbegu zote siku moja. Panda mchicha mita moja tu ya tuta kila wiki mbili, usije ukavuna mlima wiki moja na kukosa tatu zinazofuata. Nusu ya pili iwe spinachi na sukuma wiki, ambazo huanza kuchumwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuhamishwa, kisha huendelea miezi mingi ukichuma majani ya chini na kuacha kichwa.

Tuta la pili ni la yanayokaa: viazi vitamu nusu, vitunguu robo, robo iliyobaki nyanya. Boga moja lipandwe pembeni kabisa, matawi yake yatambae nje ya tuta. Viazi vitamu vina faida mbili, maana majani machanga nayo ni mboga, mradi usivichume hadi vikabaki vijiti.

Kuhusu nyanya: msimu wa kwanza panda mashina manne, yasizidi. Ni zao linalopendwa na kila ugonjwa na kila mdudu, na anayeanza na mashina thelathini hukata tamaa na bustani nzima kwa ajili yake. Hali ya hewa nayo iangalie. Nyanya, maboga na viazi vitamu hudumaa usiku ukishuka chini ya nyuzi 10. Kabichi na ndugu zake ndio kwanza hufurahi.

Hatua 5. Otesha miche

Mchicha, kunde, figili na boga hupandwa moja kwa moja. Nyanya, sukuma wiki, spinachi na vitunguu huoteshwa kwanza. Tumia chombo chochote chenye matundu chini na kina cha sentimita 8. Changanya udongo kopo 2, mboji kopo 1, mchanga kopo 1. Fukia mbegu mara mbili au tatu ya unene wake. Kwa mbegu ndogo ni nusu sentimita tu.

Hapa adui ni kinyausi: mche unaota vizuri, kisha shina linakonda na kulegea usawa wa udongo, unalala na kufa. Husababishwa na fangasi wanaopenda maji mengi na msongamano. Mwagilia asubuhi tu, udongo wa juu ukianza kukauka. Punguza miche ibaki nafasi ya sentimita 3, na usiifungie mahali pasipopita hewa. Mche uliokwisha kulala hauponi. Utoe pamoja na udongo uliouzunguka.

Hamisha miche ikiwa na majani halisi 4 hadi 6. Wiki moja kabla, izoeshe jua la nje kidogo kidogo.

Hatua 6. Panda kwa nafasi

- Mchicha: mistari ya sentimita 20. Changanya mbegu na mchanga zisimwagike rundo, kisha punguza miche na uile.
- Kunde: sentimita 15 kwa 30.
- Spinachi: sentimita 30 kwa 30. Sukuma wiki: 45 kwa 45.
- Vitunguu: sentimita 10 kwa 25.
- Viazi vitamu: vipande vya shina vya sentimita 30, theluthi mbili vifukiwe, nafasi ya sentimita 30 juu ya kijituta kilichoinuliwa.
- Nyanya: sentimita 60 kila upande, na mti wa kuegemea uchimbiwe siku hiyo hiyo. Ukiuweka baadaye utakata mizizi.

Panda jioni au siku ya mawingu. Kila mche uvishe kola: ukanda wa karatasi ngumu wa kimo cha sentimita 8 hadi 10, uliozungushwa shina bila kuligusa, sentimita 3 zikiwa ndani ya udongo. Kazi ya dakika kumi, na sota hana njia.

Kama una neti, ifunike siku hiyo hiyo juu ya fito zilizopindwa, kingo zifukiwe kwa udongo. Matundu ya chandarua huzuia vipepeo na nondo. Hayazuii vidukari wala inzi weupe. Ukifunika wiki tatu baadaye, utakuwa umewafungia wadudu ndani na kuwazuia nje wale wanaowala.

Hatua 7. Maji na matandazo

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, mara mbili au tatu kwa wiki kwa kina kuliko kunyunyizia kidogo kila siku. Chimba kwa kidole: sentimita 5 chini pawe na unyevu. Mbegu zinazoota na miche michanga ndiyo inayotaka maji kidogo kidogo kila siku.

Miche ikifika kimo cha kiganja, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Palipo na konokono wengi, punguza unene.

Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama hayana dawa ya kung'arisha wala mafuta mengi. Yamwage chini ya nyanya na viazi, kamwe yasiguse majani yatakayoliwa mabichi.

Hatua 8. Lisha bila kuzidisha

Kila wiki 4 ongeza konzi chache za mboji kuzunguka sukuma wiki na nyanya. Mbolea ya dukani isipopatikana, mkojo wa watu wazima wasiotumia dawa hufanya kazi ya naitrojeni: lita 1 kwa lita 10 za maji, udongoni na si kwenye majani, mara moja kwa wiki mbili. Acha mwezi mmoja kati ya kuweka mara ya mwisho na kuvuna, na usitumie kabisa kwenye mboga za kuliwa mbichi. Ukizidisha, majani huwa laini, ya kijani kibichi sana, na vidukari huja kama walioalikwa.

Hatua 9. Kagua kila asubuhi

Geuza majani. Mayai, viwavi wachanga na vidukari hukaa upande wa chini, na bustani ya ukubwa huu humalizika kwa dakika kumi. Mara mbili kwa wiki toka na tochi saa moja baada ya giza kuingia, maana konokono na sota hawaonekani mchana.

Kabla ya kufanya lolote, soma jeraha:

- Mche umekatwa usawa wa udongo: sota. Fukua sentimita 2 hadi 5 kuzunguka shina, utamkuta amejikunja. Muue, asipouawa atakata wa jirani usiku unaofuata.
- Matobo makubwa na vinyesi vyeusi au vya kijani: viwavi.
- Matobo na njia ya ute unaong'aa: konokono.
- Majani ya kileleni yamejikunja na yananata: vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta.
- Nukta nyingi za njano, majani kama yamepigwa vumbi, utando mwembamba chini: utitiri.
- Wingu jeupe linaloruka ukigusa mmea: inzi weupe.
- Michoro myeupe ya kupindapinda ndani ya jani: viwavi wachimba majani. Chuma jani, liponde.

Mmea mkubwa uliokwisha kushika huvumilia kupoteza hata robo ya majani yake. Mche hauvumilii. Kwa hiyo nguvu zako zielekeze kwenye wiki tatu za kwanza, na baadaye ujifunze kuvumilia matobo machache. Mboga yenye tobo huliwa.

*Vidukari.* Jike huzaa watoto hai bila dume, na mtoto hukomaa kwa wiki moja hivi. Ndiyo maana ukiwaacha wikendi moja shina zima huwa jeusi. Ukiwaona wachache, ponda kwa vidole au wapige kwa maji yenye nguvu kutoka chini kwenda juu, siku tatu mfululizo. Wengi wakianguka hawarudi kupanda. Angalia pia sisimizi. Wakipanda shinani kwa safu, wanalinda vidukari kwa ajili ya ule utamu unaonata, na huwafukuza wadudu wanaowala vidukari hao. Vunja njia yao kwanza.

Ukiona vidukari waliovimba, wa rangi ya kahawia, hawajongei, usiwaguse. Wametagiwa na nyigu wadogo sana, na kila mmoja atatoa nyigu mwingine. Vivyo hivyo kwa mdudu mweusi mrefu mwenye madoa ya machungwa, anayetisha kidogo kwa sura: ni mtoto wa yule mbawakawa wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi, na hula vidukari kama mzazi wake. Wanaoanza humuua wakidhani ndiye mharibifu.

*Viwavi wa kabichi na sukuma wiki.* Okota asubuhi, ponda mayai ya njano chini ya majani. Nondo mwenye mgongo wa almasi, ambaye kiwavi wake mdogo wa kijani hujitupa kwa uzi ukimgusa, amezoea dawa nyingi za viwandani. Kumpiga dawa ile ile kila wiki ni kumpa mazoezi. Dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, ile aina ya kuulia viwavi, huua viwavi tu na huacha wadudu wengine, lakini kiwavi lazima aile. Ipulizie jioni, kwa kuwa jua huimaliza kwa siku chache, na uipige viwavi wakiwa wadogo.

*Konokono.* Laza ubao au gunia bichi kati ya mistari jioni, linyanyue asubuhi, wakusanye. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili. Kumwagilia asubuhi badala ya jioni hupunguza sana matembezi yao. Chumvi usiitumie, itaua konokono na tuta pamoja nao.

*Utitiri na inzi weupe.* Utitiri hupenda joto, ukame na vumbi. Osha upande wa chini wa majani kwa maji, kisha tumia sabuni mara tatu, kila baada ya siku 5, kwa sababu mayai hayafi. Inzi weupe hatari yao kubwa ni virusi wanavyoingiza kwenye nyanya. Kadi ya njano iliyopakwa mafuta mazito, ikining'inizwa usawa wa vilele, hunasa wengi na kukuonyesha kama wanaongezeka, ingawa peke yake haiwamalizi. Nyanya iliyokunja majani, ikadumaa na kugeuka njano kingoni, ing'oe; haitapona na ni chanzo kwa nyingine.

*Panya na ndege.* Vuna kwa wakati, ondoa marundo ya nyasi karibu na matuta, na usiweke chakula kilichopikwa wala nyama kwenye mboji. Panya mdogo hupita tundu la kidole, kwa hiyo wavu wa kuzuia uwe na matundu yasiyozidi milimita 6.

Dawa mbili za kutengeneza mwenyewe

Maji ya sabuni. Kwaruza gramu 10 za sabuni ya kipande, yeyusha katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, au tumia kijiko kimoja hadi viwili vya chai vya sabuni laini ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani, iache. Pulizia majani mawili tu kwanza, ngoja siku moja au mbili. Kama hayakuungua, pulizia jioni hadi upande wa chini udondoke. Sabuni huua mdudu laini anayelowa nayo wakati ule ule, na ikikauka haina kazi tena. Rudia baada ya siku 5. Viwavi wakubwa na mbawakawa hawaijali.

Mbegu za mwarobaini, kama zinapatikana. Menya mbegu kavu zisizo na ukungu, twanga kiini gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza matone machache ya sabuni. Tumia jioni hiyo hiyo. Haiui papo hapo: mdudu huacha kula na kushindwa kujibadili ngozi, kwa hiyo mpe siku 3 hadi 5 kabla ya kusema imeshindwa. Jua huivunja, rudia kila baada ya siku 5 hadi 7. Isikae ndani ya nyumba mahali watoto wanapofika.

Majivu makavu, yakinyunyizwa kidogo kwenye majani yenye umande, husumbua vidukari na konokono hadi mvua inyeshe. Konzi moja kwa mita ya mraba inatosha kwa msimu, kwani yakizidi huharibu udongo.

Usitumie maji ya tumbaku. Nikotini ni sumu kali hata kupitia ngozi, na tumbaku inaweza kubeba virusi vya nyanya. Mafuta ya taa huunguza mmea. Na dawa iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo usiinunue kwa bei yoyote, hata wakati wa shida, kwani hujui ni nini, kipimo chake, wala siku za kusubiri kabla ya kula. Ukinunua yenye lebo, tafuta kwanza hizo siku za kusubiri. Kama ni 14 na mchicha wako unavunwa kesho, haikufai.

Hatua 10. Zungusha mazao na tunza mbegu

Usirudishe familia moja mahali pale pale kabla ya misimu mitatu. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu. Kabichi, sukuma wiki na figili ni ndugu. Maboga, matango na matikiti vivyo hivyo.

Mbegu ni akiba ya msimu ujao, nayo ianzie kwa mazao yanayojichavusha: kunde, maharage, nyanya. Chagua mmea wenye afya kuliko wote tangu mwanzo, ufunge utepe, usiule. Mbegu za nyanya ziache kwenye maji yake siku 2 hadi 3 hadi ute uachie, osha, kausha kivulini. Maharage yakishakauka hadi hayaingii ukucha, yahifadhi kwenye chupa iliyojaa hadi juu na kufungwa vizuri ili fukusi wasipate hewa. Mbegu za mahuluti, zilizoandikwa F1, hazizai mfano wa mama yao, usizitegemee. Maboga ya aina mbili yaliyo karibu huchavushana, nawe utavuna mchanganyiko usioujua.

Kama mambo hayaendi

*Mbegu hazikuota.* Zimefukiwa mno, udongo wa juu ulikauka siku moja katikati ya kuota, au sisimizi wamezibeba. Funika mstari kwa gunia bichi hadi uone vichwa vya kwanza, kisha uliondoe siku hiyo hiyo.

*Majani ya chini yana njano, ya juu ni kijani.* Naitrojeni imepungua. Kama ya juu ndiyo yenye njano na mishipa imebaki kijani, mara nyingi ni chuma kisichopatikana kwa sababu udongo una chokaa au majivu mengi, au umejaa maji.

*Mmea unanyauka mchana na kuinuka jioni.* Siku ya joto kali hilo ni la kawaida. Ukibaki umenyauka asubuhi na udongo una unyevu, ng'oa mmoja uangalie mizizi. Vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka, ni minyoo fundo: hapo usipande nyanya wala boga kwa muda, na msimu wa jua kali lowesha tuta, ulifunike kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6. Lakini vinundu vya maharage na kunde vinavyobanduka kirahisi na vyenye rangi ya waridi ndani ni rafiki, vinatengeneza naitrojeni.

*Boga linachanua halizai.* Maua ya kwanza ni madume, subiri. Kama majike yapo (yana kiboga kidogo nyuma ya ua) na yanaoza, nyuki hawafiki. Ondoa neti, au chuma ua dume asubuhi mapema na upake vumbi lake ndani ya ua jike.

*Nyanya zina doa jeusi lililobonyea kitakoni.* Si mdudu wala ugonjwa wa kuambukiza. Kalisiamu haikufika kwenye tunda, karibu kila mara kwa sababu maji yalikuwa mengi leo, hakuna kesho. Sawazisha umwagiliaji na ongeza matandazo. Matunda yajayo yatakuwa safi.

*Umepiga sabuni mara tatu na vidukari bado wapo.* Huenda hupati upande wa chini wa jani, au maji yako ni ya chumvi na sabuni haitoi povu. Tumia maji ya mvua. Kama shina moja tu ndilo limejaa, likate, litie kwenye mfuko, lifunge na uliache juani. Mchicha mwingine utaota kabla hujamaliza kuchanganya dawa ya nne.